Mashine ya Michezo Ndani ya Kisanduku cha Soketi: Mwongozo wa Kuijenga Mwenyewe

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga mashine ya kuchezea michezo ya video ya miaka ya 1980 na 1990, inayoshikwa kwa mikono miwili na kuendeshwa kwa betri, kwa vifaa ambavyo mtu aliyeko Kampala, Mbale, Gulu au Arua anaweza kuvikusanya bila kuagiza mashine iliyokamilika kutoka ng'ambo. Ubongo wake ni bodi ya Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta kamili yenye urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30, iliyotolewa Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15 za Marekani. Mwili wake ni kisanduku cha plastiki cha soketi pacha, kilekile ambacho mafundi wa umeme hukifunga ukutani.

Nimejenga mashine kadhaa za namna hii pamoja na vijana wanaojifunza ufundi, na karibu kila iliyotufia mikononi ilikufa kwa sababu ya umeme, wala si kwa sababu ya programu. Kwa hiyo sehemu ya betri hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote, na ninaomba isirukwe hata na mtu aliyezoea kushika waya. Utaratibu wote umejengwa juu ya sharti moja: kila kiungo cha mashine kijaribiwe peke yake kwanza, na kisiunganishwe na mwenzake mpaka kimethibitika kuwa kizima.

Vifaa vya kutafuta

Mbali na bodi yenyewe, utahitaji kadi ya kumbukumbu aina ya microSD ya gigabaiti 16 au 32, skrini ya inchi 2.8 yenye chipu ya ILI9341 na upana wa nukta 320 kwa 240, vitufe vidogo vya kubonyeza kumi na vitatu, bodi ndogo ya sauti ya MAX98357A, spika ya ohmu 4 au 8, betri moja ya duara ya aina ya 18650 pamoja na kikalio chake, bodi ya kuchaji ya TP4056, bodi ya kupandisha voliti ya MT3608, na swichi moja ya kuwasha na kuzima. Kwa upande wa zana, chuma cha kulehemu, risasi ya kulehemu yenye ulimbo ndani, kisu kikali, tupa ndogo na multimita vinatosha. Multimita ya bei nafuu inakubalika, lakini kutokuwa nayo kabisa hakukubaliki, kwa kuwa kuna hatua mbili ambazo haziwezi kufanywa kwa kubahatisha.

Waya si lazima zinunuliwe. Ule mkanda bapa wa kijivu uliokuwa ukiunganisha diski ndani ya kompyuta za mezani za zamani una waya nyembamba zinazofaa kabisa kwa vitufe na skrini, na mafundi wa kompyuta wengi wanao pembeni wakiuona kuwa takataka. Kwa njia ya umeme kutoka kwenye betri, hata hivyo, tumia waya nene zaidi, kwa sababu waya nyembamba hupoteza voliti mashine inapofanya kazi ngumu.

Betri ni afadhali itafutwe hapa hapa nchini. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kubebwa kama mizigo katika ndege za abiria, na kwa sababu hiyo agizo la betri kutoka ng'ambo huchelewa au hurudishwa. Mafundi wa kompyuta za mapajani hufungua pakiti za betri zilizochoka na kukuta ndani yake seli mbili au tatu ambazo bado ni nzima. Jihadhari na seli za tochi zilizoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na seli), kwa kuwa hakuna seli ya ukubwa huo inayobeba kiasi hicho. Seli ya kweli ya 18650 mara nyingi huwa kati ya 2000 na 3500.

Kuhusu uchaguzi wa skrini

Watu wengi wanaoanza hutaka skrini kubwa na yenye nukta nyingi, na mimi huwashauri kinyume chake. Mashine ya Game Boy ya mwaka 1989 ilichora picha ya nukta 160 kwa 144. Famicom ya mwaka 1983, ambayo nakala zake za bei nafuu zenye kaseti za manjano ndizo wengi wetu tulizozijua utotoni, ilichora nukta 256 kwa 240. Mega Drive ilifika 320 kwa 224, na Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilikuwa na 240 kwa 160. Zote hizo zinaingia ndani ya nukta 320 kwa 240 bila kukatwa, kwa hiyo skrini ndogo ya ILI9341 inazionyesha karibu jinsi zilivyochorwa, ilhali skrini kubwa ingezivuta na kuzitia ukungu, tena ingekunywa betri zaidi.

Ugumu wa skrini hii uko katika njia ya kuipelekea picha. Picha moja kamili ina nukta 76,800, na kila nukta hubebwa na biti 16, yaani biti 1,228,800 kwa picha nzima. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, lazima upitishe takriban biti milioni 74 kila sekunde kwenye waya mmoja. Njia hiyo ya kupelekea picha huitwa SPI, na ikiendeshwa kwa megahezi 50, inaweza kupitisha picha kamili zipatazo 40 tu kwa sekunde. Programu tutakayoitumia hukwepa kizuizi hicho kwa kutuma zile nukta zilizobadilika peke yake, na kwa kuwa katika michezo mingi ya zamani sehemu kubwa ya picha hutulia wakati mhusika anatembea, jicho halioni mkwamo wowote.

Hatua ya kwanza: kadi na mfumo endeshi

Kabla ya kuandika chochote kwenye kadi, ipime kwa programu ya F3 au H2testw, kwa maana kadi zinazodai gigabaiti 32 huku ndani zina 8 zipo sokoni, na kadi ya aina hiyo hufanya kazi vizuri kwa siku kadhaa kisha ikaanza kupoteza mafaili. Kadi ikishathibitika, pakua faili la RetroPie 4.8, mfumo uliotayarishwa kwa ajili ya kuchezea michezo ya zamani, lililoandikwa kuwa ni la Raspberry Pi 2, 3 na Zero 2 W, na uliandike kwenye kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager. Faili hilo ni la mamia ya megabaiti, hivyo lipakue mahali penye intaneti ya uhakika. Ni muhimu liwe toleo hilo, kwa sababu programu ya skrini inategemea namna ya zamani ya kuchora picha, ambayo matoleo mapya ya mfumo wa Raspberry Pi yameiacha.

Kadi ikiwa bado kwenye kompyuta, fungua sehemu inayoitwa boot na uunde mafaili mawili. La kwanza, linaloruhusu kuiamuru bodi kupitia mtandao, ni tupu na linaitwa ssh, bila nukta wala herufi nyingine mwishoni. La pili linaitwa wpa_supplicant.conf na lina maneno haya, ukibadilisha jina na nywila ya mtandao wako:

country=UG
ctrl_interface=DIR=/var/run/wpa_supplicant GROUP=netdev
update_config=1
network={
ssid="jina la mtandao"
psk="nywila"
}

Bodi hii husikia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee. Ukitumia simu kugawa intaneti, ingia kwenye mipangilio ya simu na uhakikishe kuwa haitangazi kwa gigahezi 5, la sivyo utasubiri jioni nzima bila kuona bodi ikijitokeza. Chomeka kadi, unganisha bodi na runinga kwa waya wa HDMI wenye kichwa kidogo upande mmoja, na uiwashe kwa chaja nzuri ya simu. Bodi ikishawaka na nembo ya RetroPie ikaonekana kwenye runinga, ingia kutoka kompyuta au simu kwa amri ya ssh pi@retropie.local, nywila ikiwa raspberry, kisha ubadilishe nywila hiyo mara moja kwa amri ya passwd. Usilehemu chochote kabla ya kuiona nembo hiyo. Ukishalehemu bodi iliyokuja na kasoro kutoka dukani, muuzaji ana haki ya kukataa kuipokea.

Hatua ya pili: umeme

Seli ya lithiamu hutoa voliti 4.2 ikiwa imejaa na hushuka hadi karibu 3 inapokwisha, huku bodi ikihitaji voliti 5. Kwa hiyo umeme hupita hatua tatu: seli, kisha TP4056 inayoichaji na kuilinda, kisha MT3608 inayopandisha voliti.

Anza kwa kuipima seli. Seli iliyotoka kwenye pakiti ya zamani na kusoma chini ya voliti 2.5 itupwe mahali salama bila kujaribu kuifufua. Iliyozidi hapo ichajiwe mpaka 4.2, iachwe siku nzima bila kuguswa, kisha ipimwe tena. Ikiwa imeshuka chini ya 4.1, inavuja ndani kwa ndani na haifai. Ikipata moto wakati wa kuchajiwa, itenge mara moja. Wakati wote wa kazi hii weka karibu kopo la mchanga mkavu, na kamwe usilehemu waya moja kwa moja kwenye ncha za seli, kwa kuwa joto la chuma huharibu utando wa ndani unaotenganisha chaji. Kikalio cha betri ndicho hulehemiwa, na seli huingizwa baadaye.

Nunua TP4056 yenye matundu sita ya waya, si ile yenye manne. Yale sita yameandikwa IN+, IN-, B+, B-, OUT+ na OUT-, na uwepo wa OUT ni dalili kwamba bodi ina chipu ya ulinzi inayokata umeme seli inapokaribia kuisha au waya zinapogusana. Lehemu kikalio kwenye B+ na B-, ukizingatia alama, kisha ingiza seli na upime OUT. Ukikuta sifuri, usihuzunike: chipu ya ulinzi hulala mpaka iamshwe, na kuchomeka chaja kwa sekunde moja huiamsha. Taa nyekundu humaanisha seli inachajiwa, na ya buluu au kijani humaanisha imejaa.

Sasa tumefika kwenye hatua iliyoua bodi nyingi kuliko nyingine yoyote. MT3608 inaweza kutoa hadi voliti 28, na jinsi inavyotoka dukani hakuna ajuaye imewekwa kwenye voliti ngapi. Mmoja wa vijana wetu aliunganisha bodi mpya moja kwa moja, na kabla hajaondoa mkono tulinusa harufu ya plastiki iliyoungua. Akiba yake ya wiki kadhaa ilipotea kwa kukosa dakika mbili za kupima. Unganisha OUT ya TP4056 na VIN ya MT3608, huku swichi ikikatiza waya wa chanya kati yake. Upande wa VOUT usiunganishwe na kitu chochote isipokuwa ncha za multimita. Washa, kisha uzungushe skrubu ndogo ya shaba iliyo juu ya kile kisanduku cha buluu kinyume na mwendo wa saa. Pengine utazungusha mara kumi au zaidi bila kuona badiliko lolote, na hapo ndipo wengi hudhani bodi ni mbovu. Endelea tu taratibu mpaka namba ianze kushuka, na usimame inaposoma 5.1. Zima, washa tena, upime tena. Ikiwa namba ni ileile, tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili mtikisiko usiizungushe.

Nimesema 5.1 badala ya 5 kwa makusudi. Bodi za Zero hazina kigunduzi cha voliti ndogo kinachotoa onyo, hivyo voliti ikishuka mno, bodi huweza kuganda au kujiwasha upya ghafla, na waya pamoja na swichi hula sehemu ndogo ya voliti njiani. Ile nyongeza ya sehemu moja ya kumi hufidia hasara hiyo bila kuidhuru bodi.

Ukishamaliza, peleka VOUT+ kwenye pini ya 2 ya Raspberry Pi (pini ni yale matundu 40 yaliyo ukingoni mwa bodi) na VOUT- kwenye pini ya 6. Hesabu ya muda wa kucheza ni nyepesi. Seli ya 2500 mAh yenye wastani wa voliti 3.7 hubeba wati-saa 9.25, ukiondoa asilimia 15 inayopotea katika kupandisha voliti, zinabaki kama 7.9. Bodi, skrini na spika kwa pamoja hutumia karibu wati 2.5 wakati wa mchezo, hivyo utapata takriban saa tatu, muda unaotosha kwa jioni moja ya umeme kukatika mtaani.

Mashine isichezwe ikiwa inachajiwa. TP4056 hutambua kuwa seli imejaa kwa kuona mkondo umepungua hadi sehemu moja ya kumi, na ikiwa mchezo unaendelea, mkondo huo haupungui kamwe, hivyo seli hubaki inasukumwa bila kikomo. Vilevile, umeme wa mtaa ukikatika wakati wa kuchaji, chomoa chaja na usiirudishe mpaka umeme uliorudi umetulia.

Hatua ya tatu: skrini

Zima kila kitu na uondoe seli kwenye kikalio kabla ya kulehemu. Waya za skrini huenda hivi: VCC kwenye pini ya 1, GND kwenye pini ya 9, CS kwenye pini ya 24, RESET kwenye pini ya 13, DC kwenye pini ya 22, SDI kwenye pini ya 19, SCK kwenye pini ya 23, na LED, ambayo ni taa ya nyuma, kwenye pini ya 17. Pini ya 1 na ya 17 zote hutoa voliti 3.3. Matundu mengine ya skrini, pamoja na yale ya kugusa yanayoanza na herufi T, yaachwe wazi. Waya za SDI na SCK ziwe fupi iwezekanavyo, chini ya sentimita 10, kwa sababu ndizo zinazobeba yale mamilioni ya biti tuliyoyahesabu, na waya ndefu huzitia makosa yanayoonekana kama chembe za rangi kwenye picha.

Baada ya kuwasha, ingia tena kwa ssh, ufungue faili la /boot/config.txt na uongeze mistari hii mwishoni:

hdmi_force_hotplug=1
hdmi_group=2
hdmi_mode=87
hdmi_cvt=320 240 60 1 0 0 0

Hakikisha kwamba mstari wa dtparam=spi=on haupo au umewekewa alama ya # mbele yake. Watu hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa skrini ni ya SPI, lakini programu ya fbcp-ili9341 huiendesha njia hiyo yenyewe na haitaki mfumo uingilie. Kisha uiandae programu hiyo kwa amri hizi:

sudo apt-get install cmake
git clone https://github.com/juj/fbcp-ili9341.git
cd fbcp-ili9341
mkdir build
cd build
cmake -DILI9341=ON -DGPIO_TFT_DATA_CONTROL=25 -DGPIO_TFT_RESET_PIN=27 -DSPI_BUS_CLOCK_DIVISOR=20 -DSTATISTICS=0 ..
make -j2
sudo ./fbcp-ili9341

Namba 20 ni kigawanyo cha kasi: megahezi 400 za bodi hugawanywa kwa 20 na kutoa megahezi 20. Huo ni mwendo wa polepole, na ndio wa kuanzia. Picha ikitokea safi, rudia amri ya cmake na make ukishusha namba hiyo kwa hatua, 16, 12, 10, kisha 8, na kigawanyo kiwe namba shufwa kila mara. Ukifika mahali chembe zinapoanza kuonekana, rudi hatua moja. Picha ikiwa imepinduka juu chini, ongeza -DDISPLAY_ROTATE_180_DEGREES=ON; na bodi ikiganda kabisa, ongeza -DUSE_DMA_TRANSFERS=OFF. Skrini inayowaka nyeupe tupu bila picha mara nyingi huwa na waya wa DC na wa RESET vilivyobadilishana nafasi, kwa hiyo kagua hapo kabla ya kuilaumu skrini.

Ili programu ijiwashe yenyewe, inakili kwenye /usr/local/bin na uandike /usr/local/bin/fbcp-ili9341 & katika faili la /etc/rc.local, juu ya mstari wa exit 0.

Hatua ya nne: vitufe

Kila kitufe kina kazi moja tu, nayo ni kugusanisha pini yake na ardhi, yaani GND. Hakuna resista inayohitajika, kwa kuwa bodi inazo za ndani. Waya mmoja wa ardhi unaweza kupita kwenye vitufe vyote na kuishia kwenye pini ya 39. Kamwe waya wa voliti 5 usiguse pini za vitufe, hata kwa nukta ya sekunde, kwani pini hizo huvumilia 3.3 tu.

Mistari ya kuongeza kwenye config.txt ni hii, na namba ya gpio, ambayo ndiyo jina la njia ndani ya bodi, si namba ya pini, hivyo nimeitaja pini yake baada ya alama ya #. Alama hiyo na maneno yanayoifuata yasiandikwe kwenye faili:

dtoverlay=gpio-key,gpio=4,active_low=1,gpio_pull=up,label=juu,keycode=103  # pini 7
dtoverlay=gpio-key,gpio=17,active_low=1,gpio_pull=up,label=chini,keycode=108  # pini 11
dtoverlay=gpio-key,gpio=22,active_low=1,gpio_pull=up,label=kushoto,keycode=105  # pini 15
dtoverlay=gpio-key,gpio=23,active_low=1,gpio_pull=up,label=kulia,keycode=106  # pini 16
dtoverlay=gpio-key,gpio=5,active_low=1,gpio_pull=up,label=a,keycode=45  # pini 29
dtoverlay=gpio-key,gpio=6,active_low=1,gpio_pull=up,label=b,keycode=44  # pini 31
dtoverlay=gpio-key,gpio=12,active_low=1,gpio_pull=up,label=x,keycode=31  # pini 32
dtoverlay=gpio-key,gpio=13,active_low=1,gpio_pull=up,label=y,keycode=30  # pini 33
dtoverlay=gpio-key,gpio=16,active_low=1,gpio_pull=up,label=anza,keycode=28  # pini 36
dtoverlay=gpio-key,gpio=26,active_low=1,gpio_pull=up,label=chagua,keycode=54  # pini 37
dtoverlay=gpio-key,gpio=24,active_low=1,gpio_pull=up,label=bega1,keycode=16  # pini 18
dtoverlay=gpio-key,gpio=2,active_low=1,gpio_pull=up,label=bega2,keycode=17  # pini 3
dtoverlay=gpio-shutdown

Mstari wa mwisho unahusu kitufe cha kumi na tatu, kinachounganishwa na pini ya 5. Kikibonyezwa, mfumo hufunga mafaili yake yote na kuzima kwa utaratibu, na kikibonyezwa tena baada ya hapo, bodi huamka. Wengi hukiacha ili kuokoa kitufe kimoja. Mimi nasisitiza kiwekwe, kwa sababu kukata umeme ghafla wakati kadi inaandikwa ndiyo njia ya haraka ya kuupoteza mfumo wote pamoja na michezo iliyohifadhiwa.

Washa upya. RetroPie itakuomba ubonyeze na kushikilia kitufe, kisha itakuongoza kukipa kila kimoja kazi yake.

Hatua ya tano: sauti

Raspberry Pi Zero 2 W haina tundu la spika. MAX98357A hulehemiwa hivi: VIN kwenye pini ya 4, GND kwenye pini ya 34, BCLK kwenye pini ya 12, LRC kwenye pini ya 35, DIN kwenye pini ya 40, na spika kwenye matundu yake mawili. Katika config.txt weka # mbele ya dtparam=audio=on, kisha uongeze dtoverlay=hifiberry-dac. Kwa spika ndogo sauti huwa kali kupita kiasi, hivyo unganisha tundu la GAIN na VIN ili nguvu ishuke kutoka desibeli 9 hadi 6. Marekebisho madogo hufanywa ndani ya menyu ya RetroArch, programu inayoendesha michezo ndani ya RetroPie.

Hatua ya sita: kisanduku

Hadi hapa kazi yote imelala mezani ikiwa na waya wazi, na inapaswa kubaki hivyo kwa siku mbili tatu huku ukicheza, ili kila kasoro ijitokeze ikiwa bado inafikika.

Katika duka la vifaa vya umeme omba kisanduku cha soketi pacha cha kufunga juu ya ukuta, kile kirefu zaidi kwenda ndani, kiwe na kina cha milimita 40 au zaidi, pamoja na kifuniko chake kisicho na matundu. Kifuniko hicho kina takriban milimita 146 kwa 86. Bodi ya skrini ya inchi 2.8 ina urefu wa karibu milimita 86, hivyo ikikaa katikati, kila upande unabaki na milimita 30 kwa ajili ya vitufe. Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kukata: skrubu mbili za kifuniko hukaa katikati ya urefu wa kingo za kushoto na kulia, mahali hasa ambapo kidole gumba kingependa kuwa. Kwa hiyo vitufe vya mwelekeo vishushwe chini ya skrubu ya kushoto, A, B, X na Y vishushwe chini ya skrubu ya kulia, na nafasi ya juu ya skrubu hizo iachiwe vitufe vya kuanza na kuchagua. Vitufe vya mabega viwe kwenye ukuta wa juu wa kisanduku.

Chora kila kitu kwenye karatasi kwanza, ibandike juu ya kifuniko, utoboe pembe nne za dirisha la skrini kwa sindano iliyopashwa moto, kisha ukate kwa kisu kwa kupitisha mara nyingi taratibu, na umalizie kwa tupa. Plastiki ya vifuniko hivi ni ngumu na hupasuka ikilazimishwa. Vitufe vilehemiwe juu ya vipande vidogo vya ubao wenye matundu na kushikizwa nyuma ya kifuniko kwa gundi ya moto. Seli ilale chini kabisa ya kisanduku, kwa kuwa ndiyo nzito na hufanya mashine ikae vizuri mikononi, na kati yake na bodi pawekwe kipande cha plastiki ngumu. Toboa matundu machache nyuma ya mahali bodi ilipo, kwani ikifikia nyuzi 80 za Selsiasi huanza kujipunguza kasi. Yale matundu ya kuvunja yaliyo ubavuni mwa kisanduku, yaliyokusudiwa kupitisha waya za nyumba, yanafaa sana kwa tundu la chaja na swichi.

Hatua ya saba: michezo

RetroPie huja na emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za zamani, lakini haiji na michezo yenyewe. Michezo mingi ya kale bado ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda kazi ya mtu hata kama duka lililoiuza lilifungwa zamani. Anza basi na ile iliyotolewa bure na watunzi wake. Tobu Tobu Girl ya Game Boy ni ya wazi na ni ngumu kwa namna inayoshika moyo. Katika menyu ya RetroPie, sehemu ya ports, unaweza pia kusakinisha sura ya kwanza ya Doom ya mwaka 1993, ambayo ilitolewa kwa kusambazwa bure tangu mwanzo, na Cave Story ya mwaka 2004.

Kompyuta na mashine vikiwa kwenye mtandao mmoja, folda iitwayo retropie huonekana kama folda nyingine yoyote ya mtandao. Nakili faili la mchezo ndani ya roms, katika folda ya mashine yake, yaani gb kwa Game Boy, nes kwa Famicom, megadrive kwa Mega Drive, kisha uiwashe upya menyu. Bodi hii inaziendesha mashine hizo zote bila kuhema, na hata michezo mingi ya PlayStation ya kwanza huenda vizuri. Nintendo 64 usiihangaikie.

Ukimaliza kucheza, bonyeza kitufe cha pini ya 5, subiri taa ya kijani ya bodi itulie na kuzimika, ndipo uizime swichi. Ikiwa mashine itawekwa kabatini kwa muhula mzima wa shule, iache seli ikiwa na karibu voliti 3.8, wala isiwe imejaa wala imekwisha, na uipime kwa multimita kabla ya kuichaji tena.